Obadiah Machogu, Mkaguzi Aliyewauliza Wacheza Shoo

Baada ya miaka kumi na tano ya kukagua baa na kumbi za dansi mjini Kisii, Bwana Obadiah Machogu anastaafu tarehe 30 Juni 1978.

Alijiunga nasi katika baraza la mji mwaka 1963 akitokea kufundisha shuleni Sironga, na ualimu haukumtoka. Wakaguzi wengine walitazama choo na ndoo za mchanga wa kuzimia moto, wakaenda zao. Yeye aliuliza. Kwa nini dirisha hili limepigiliwa misumari? Jirani mwenye mtoto mchanga analalaje? Huyu mhudumu ana umri gani? Wenye baa walimbandika jina la Bwana Kwanini. Msabato huyu hajawahi kuonja pombe, lakini hakuna mlevi aliyezijua baa za Kisii kumshinda.

Mwaka 1971 mfanyabiashara mmoja, Omwenga, aliomba leseni ya ukumbi ambamo wanawake wangecheza karibu uchi mbele ya wanaume. Mji ulichemka. Wazee wa kanisa, wenzake Machogu, walitaka ombi litupwe. Madiwani kadhaa walitaka lipite kimyakimya. Machogu alitaka kwanza kuwasikia wachezaji wenyewe. Alikwenda mchana walipokuwa mazoezini, akaomba kuzungumza nao bila mwajiri wao.

"Mnataka tuukatae huu ukumbi?" aliwauliza.

Aliyejibu ni Nyaboke, mama wa watoto wawili kutoka Nyamache. "Mkiukataa, tutapelekwa kucheza vichochoroni ambako hamtatuona. Sisi tunataka ufunguo, mwalimu. Wakati wa mazoezi Omwenga anatufungia kwa nje. Moto ukiwaka, je?"

Machogu akaandika masharti: mlango ufunguke kwa ndani, asichezeshwe msichana mdogo, ukumbi uwe mbali na shule na makanisa, na mchezaji aweze kuondoka anapotaka. Omwenga aliyakataa, akanyimwa leseni. Basi akafungua ukumbi bila leseni, tena Jumamosi mchana, akijua mkaguzi yuko ibadani.

Habari zilifika kanisani. Machogu alitokea ukumbini na suti yake, Biblia kwapani, askari wa baraza nyuma yake.

"Leo ni Sabato, mwalimu!" Omwenga alimcheka.

"Ndiyo," alijibu, "na hawa wamefungiwa." Akaamuru kufuli ikatwe.

Mwaka uliofuata Nyaboke na wenzake waliomba leseni kwa jina lao wenyewe, wakakubali kila sharti. Machogu alipendekeza wapewe, wakapewa. Kwa sababu hiyo kanisa lilimvua cheo cha mzee wa kanisa. Jumatatu iliyofuata alikuja kazini, akakaa kutwa nzima bila kumuuliza mtu lolote. Hatukuwa tumewahi kumwona hivyo. Hakuacha kusali, alihamia tu viti vya nyuma, na huko ndiko anakoketi hadi leo. Alipoulizwa kama anajuta, alisema kilichomuuma ni kwamba hakuna mzee aliyemuuliza sababu.

Masharti yake sasa ndiyo yanayotimizwa na kila ukumbi wa dansi mjini, na wenye kumbi wameacha kunung'unika.

Anarudi nyumbani Ikonge kwenye shamba lake la chai, pamoja na mkewe, Mama Orpah, kiongozi wa kwaya ya kanisa lile lile. Bwana Machogu, asante kwa kila swali lililotukera na kutufundisha. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na miaka mingi ya furaha. Kwenye karamu ya Ijumaa Nyaboke atakuwepo. Ameomba kuketi karibu na Mama Orpah, naye Mama Orpah ameshamwekea kiti.