Joto Ambalo Dada Yetu Alikataa Kulifuta

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu. Tangu utotoni aligusa kiti tu akajua nani katoka kukikalia. "Hapa alikaa mdogo wangu," alikuwa akisema, "limebaki joto la uvivu." Mdogo huyo ndiye anayewasomea leo.

Alihitimu fizikia chuo kikuu mwaka 1995. Mwaka 1997 aliajiriwa katika kituo cha kuchunguza nyota, akipima mionzi ya infraredi, yaani joto ambalo macho hayalioni. Tarehe 14 Agosti 1999 aliolewa na fundi majokofu aliyekuja kutengeneza mtambo wa kupoozea darubini, akarudi mara tatu ingawa mtambo ulishapona.

Darubini nayo ina joto lake. Kwa hiyo marehemu alipima nyota, akapima anga tupu pembeni, kisha akaondoa kipimo cha pili katika cha kwanza. Juni 2009, nyota moja changa ilibaki na joto la ziada. Alisema ni duara la vumbi, mabaki ya mawe yanayogongana kuizunguka.

"Mama, hilo ni joto la darubini yako," mkuu wake alimwambia. "Futa."

Hakufuta. Alipima tena mara kumi na moja, na joto lilikuwa pale pale. Miaka miwili baadaye, katika makala ya kisayansi, mkuu alilitangaza duara hilo kuwa ugunduzi wake mwenyewe, na dada akashukuriwa chini kabisa kama "fundi wetu wa vipimo". Huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe, na familia imekasirika hadi leo.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mkuu alikuja wodini, akaahidi kurekebisha. Kila tulipoingia, dada aliuliza, "Wamerekebisha?" Tukajibu bado. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Oktoba 2022, saa nne asubuhi.

Juzi mkuu alipiga simu. "Ndugu zangu, hayo ya duara kwenye wasifu tuyafute, siku ya maziko si siku yake." Leo ndiyo siku yake, na mkuu amekaa safu ya pili. Hatukufuta neno.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake wawili, na duara la vumbi linalozunguka nyota changa.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika siku atakapoandikwa mgunduzi.