Fundi Aliyesikiliza Injini kwa Meno

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliokuja kutusindikizia mtu wetu, historia hii nimeiandika mimi mjane wake, na anayewasomea ni mmoja wa watoto wetu wanne, kwa kuwa sauti yangu tangu juzi imekauka na haifiki hata mlangoni.

Alhamisi ya tarehe 12 Septemba 2024, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua kola ya ovaroli lake, ambalo alikuwa hajalivaa kwa miezi minne lakini bado lilitoa weusi wa oili kila nilipoliloweka, simu ikaita, nikaipokea kwa mkono wenye povu, na muuguzi wa wodi namba tatu akaniambia, mama, kaa chini kwanza. Sikukaa, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa, nikamwambia sema tu, akasema. Baada ya hapo nilimaliza kusuuza lile ovaroli nikalianika, maana povu likikaukia kwenye nguo halitoki, na lilipojaa upepo pale kwenye kamba, mikono imetanuka, nililiona kama mtu anayejinyoosha baada ya kutoka chini ya gari.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1958, mtoto wa tano wa mshona viatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na barabara kuu, na mama mkwe wangu alikuwa akisema mtoto huyu hakubembelezwa kwa wimbo hata siku moja, alilala kwa mlio wa magari yanayopita, na barabara ilipofungwa kwa matengenezo alilia wiki nzima. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaingia sekondari Januari 1973, akaacha mwishoni mwa kidato cha pili, si kwa kufeli, bali kwa sababu alilitibu gari la mwalimu wa fizikia lililokuwa likizimika kila kona, na mwalimu mwenyewe akamwandikia barua ya kumpeleka gereji.

Alianza kazi tarehe 3 Februari 1975, akiosha vyuma kwa petroli, akawa fundi kamili mwaka 1981, na tarehe 1 Julai 1990 akafungua gereji yake, banda la mabati lenye shimo moja la kuingilia chini ya gari, ambalo halikupokea kitu kingine isipokuwa magari madogo ya saluni, kwa maelezo yake kwamba lori ni mnyama, likiumwa linapiga kelele, lakini gari dogo ni mtu, linaficha ugonjwa mpaka lilale njiani.

Mteja akifika hakuruhusiwa kueleza tatizo, aliambiwa, haya, lia kama gari lako. Nimewaona watu wazima wenye tai shingoni, wakuu wa ofisi, wamesimama katikati ya banda wanasema kwi-kwi-kwi, na yeye amefumba macho kama anayesikilizia mvua ya mbali, kisha anawaambia, hapana mzee, hiyo ni ya asubuhi, nipe ya jioni. Sauti hizo aliziandika kwenye daftari gumu la kijani, ninalo hapa: kwi-kwi-kwi inayonyamaza injini ikipata moto, mkanda umelegea, ko-ko-ko unapokata kona, kiungo cha ekseli kimekwisha, chwiii ukikanyaga breki, pedi zimebaki ukucha, tk-tk-tk ukiwasha na gari haliitiki, usikimbilie betri mpya, safisha kwanza ule unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Waliofungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa inachemka aliwafokea mpaka wakaomba radhi kwa rejeta, na mstaafu mmoja aliyebandika plasta juu ya taa nyekundu ya oili ili isimsumbue machoni, alimuuliza kama mkewe akiumwa humbandika plasta mdomoni.

Injini yenyewe aliisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Kuanzia mwaka 2015 hivi tuliona ameacha kuweka mpini sikioni, anauuma kwa meno, macho yamefumba, amesimama juu ya boneti hata robo saa kama mtu anayeota kwa wima, nasi tukadhani ni ujuzi umeongezeka. Hata usingizini alitengeneza, mkono ukizunguka hewani, na mimi niliyelala kando nilijifunza kwamba mkono ukizunguka kuelekea kulia anakaza, nimwache, lakini ukizunguka kuelekea kushoto anafungua, na shuka linakwenda.

Tulifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 18 Agosti 1984. Wakati huo nilikuwa nauza vipuri, naye alikuja kununua plagi, moja siku ya kwanza, moja ya pili, mpaka siku ya nne nilipomwambia, kaka, injini hii ni ya silinda nne, kesho hakuna plagi, sema lililokuleta. Tulijaliwa watoto wanne, ambao aliwapa majina ya spana kufuatana na ukubwa wao siku ya kuzaliwa: Kumi na Saba mwaka 1985, Kumi na Nne mwaka 1988, Kumi na Mbili mwaka 1991, na binti wa mwisho, mdogo kuliko wote, Kumi, tarehe 2 Juni 1995. Mafundi mliopo mnacheka kwa sababu mnajua, namba kumi ndiyo inayotumika kuliko zote, na ndiyo inayopotea kuliko zote. Kila jioni alihesabu spana kabla ya kufunga boksi, akija nyumbani anahesabu watoto mezani kwa namba zilezile, na wakitimia anasema, boksi limetimia, ndipo tunakula.

Kumi alipomaliza sekondari aliingia gereji, Januari 2014, na kwa miaka mitatu na zaidi walifanya kazi bila kugombana, jambo ambalo mimi naye hatukuwahi kuliweza kwa wiki tatu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo aliponiagiza nisipaharakishe. Jumatatu ya tarehe 9 Oktoba 2017, Kumi alikuwa chini ya gari la mkunga wetu, amemwaga oili chafu, akairudisha nati ya chini inayozuia oili kwa vidole tu, akatoka kwenda dukani kufuata washa mpya, ile pete ya kuziba chini ya nati, na alipopita karibu na baba yake akamwambia, Baba, sijakaza. Kompresa ilikuwa inanguruma. Baba yake akasikia, nishakaza. Akamimina oili mpya, akaliondoa gari juu ya shimo, akamkabidhi mkunga, na Kumi aliporudi na washa mkononi alikuta sakafu tupu. Gari lilifika katikati ya kile kilima cha shule, nati ikadondoka, oili yote ikamwagika, taa nyekundu ikawaka, injini ikakwama kabisa, haikuzunguka tena. Mbele ya mafundi wote na wateja watano Kumi alisema, nilikwambia sijakaza, na baba yake akajibu, umesema nishakaza, fundi kusahau nati ni kawaida, lakini fundi mwongo simtaki kwenye banda langu. Kesho yake binti aliondoka, akapata kazi karakana ya mabasi mji mwingine, na mezani jioni ile hesabu iliishia kumi na mbili.

Miaka miwili ikapita hivyo. Tarehe 5 Novemba 2019 mkunga alikuja na gari lake jipya, breki zinalia, akamkuta marehemu amempa mgongo, akamwita mara tatu, hakugeuka. Mama huyu amezoea kupima watoto wachanga, akasogea akapiga kofi moja la viganja nyuma ya kichwa chake kama anavyowapima wao, na mzee akaendelea kufuta plagi kwa amani. Wiki hiyohiyo tulikwenda kwa daktari wa masikio, naye akatueleza kwamba miaka arobaini ya nyundo na kompresa imekula masikio yote mawili, kwamba sauti nyembamba kama sa na sha ndizo hutangulia kupotea, ubongo ukajaza pengo kwa kubuni. Tulipokaribia nyumbani marehemu akasema magari siku hizi hupita kama yako chini ya maji, naye alidhani watu wameanza kununua magari mazuri.

Usiku sijui aliandika saa ngapi, lakini asubuhi nililikuta daftari wazi, na katika ukurasa wa mwisho wa sauti, kwa herufi zake kubwa, ameandika hivi: Sijakaza, nikasikia nishakaza. Gari halikuwa na kosa, mtoto hakuwa na kosa, kilichokwisha ni masikio yangu.

Alitaka kumwambia mwenyewe. Alipiga simu mara mbili, na mara ya pili nilimkuta ameketi kwenye kiti cha gari kilichokuwa uani, ameiuma simu kwa meno, macho yamefumba, anajaribu kumsikia mtoto wake kama alivyosikia injini, na upande wa pili Kumi alisikia pumzi tu, akakata. Nilipomwambia Kumi kwamba baba yako hasikii, alinijibu, mama, hilo nililijua siku ileile, nangoja yeye aseme. Ningeweza kumpelekea lile daftari, sikumpelekea, nilisema hawa wawili wamalize wenyewe, nami nilikuwa na kazi nyingine za kufanya, na hilo ni langu, nalibeba.

Miguu yake ilianza kuvimba Januari 2024, akalazwa mara ya kwanza tarehe 20 Mei, na daktari wa moyo alipomwandikia kwenye karatasi kwamba valvu moja inavuja, marehemu alifurahi kupita kiasi kusoma kwamba naye ana valvu, akamwambia daktari, haya, lia kama moyo wangu. Yule kijana msomi alisita, akatazama mlango, kisha akasema dab-shhh, dab-shhh, na marehemu akitazama midomo yake akasema, dokta, hiyo mashine imechelewa kuletwa gereji. Wiki ya mwisho alikuwa zaidi ndotoni kuliko kwetu, aliona wodi imejaa magari yote aliyowahi kutengeneza, yamewashwa, yananguruma polepole bila hata moja kugonga, na kila jioni chakula kikifika alihesabu kwenye vidole, kumi na saba, kumi na nne, kumi na mbili, kisha anashika kidole cha nne na kukaa nacho. Wauguzi walidhani amesahau hesabu. Kabla hajaacha kuzungumza aliniambia, nilimwaibisha Kumi mbele ya watu, nisafishie jina lake mbele ya watu. Kumi alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kumwona Jumamosi, yaani leo.

Tunamshukuru daktari wa masikio kwa ukweli wake, na daktari wa moyo kwa kukubali kulia, wauguzi wa wodi namba tatu, majirani walioteka maji na kupika bila kuniuliza chumvi iko wapi, mafundi waliofunga mabanda yao siku mbili, na mkunga, ambaye alipoteza injini lakini hakutupoteza sisi.

Jana Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, tulipokuwa tunapakua chakula, tulisikia gari linaingia uani, ko-ko-ko, kiungo cha ekseli kimekwisha, na hakuna aliyehitaji daftari kujua hilo. Kumi aliingia na begi lake, nikampa lile daftari kabla sijampa sahani, akausoma ukurasa ule akiwa amesimama, akausoma tena, akalifunga, akanawa mikono. Nikahesabu mwenyewe, kwa sababu lazima mtu ahesabu: Kumi na Saba yupo, Kumi na Nne yupo, Kumi na Mbili yupo, Kumi yupo. Sikukosea. Na sauti mnayoisikia tangu mwanzo ikiwasomea haya, mafundi mliokuwepo bandani siku ile, ni sauti yake.

Chakula kilikuwa cha moto, kila mtu alikula. Boksi limetimia, mume wangu, sasa unaweza kulifunga, upumzike.