Mwalimu Tak Sun-im Anaagana na Darasa la Wanaoanza Pilates

Tarehe 30 Juni, Mwalimu Tak Sun-im anastaafu baada ya kufundisha pilates miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha michezo hapa mjini Mokpo. Muda wote huo aling'ang'ania darasa moja, la wanaoanza. Waliokwisha kuiva aliwaachia wengine.

Alipofika, wengi wetu tulidhani pilates ni mazoezi ya kulala. Mimi, mwalimu wa kuogelea, nilisema hivyo kwa sauti, naye akanilaza kwenye mkeka mbele ya darasa. Akaniamuru nivute pumzi kwa pua mpaka mbavu zitanuke. Niitoe taratibu kwa mdomo, kitovu nikivute kuelekea uti wa mgongo. Kisha niinue kichwa, mabega na miguu kidogo tu, nibaki hivyo huku napumua. Punde nikawa natetemeka mwili mzima.

“Mwalimu Heo, mbona kimya? Si ulisema ni usingizi?”

Darasa likaangua kicheko. Wiki iliyofuata nilirudi kwa hiari yangu.

Ndivyo alivyofundisha: pumzi kwanza, mwendo mdogo, shingo ilegee. Asiyeweza kunyoosha miguu akunje magoti. Anayeumia apumzike, wala asione haya. Wachuuzi wa samaki, madereva wa teksi, mama mkwe na mke wa mwanawe wasiosemezana, wote wamejilaza mbele yake.

Kisha ikaja Novemba ya mwaka juzi. Nyumbani kwa dada yake walikuwa wakitengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha yenye pilipili, ya kuliwa majira ya baridi. Mwalimu Tak akainua beseni la kabichi zilizolowekwa chumvi, magoti yamenyooka, kiuno kimejipinda, vilevile alivyotukataza sisi sote. Akashindwa kuinuka. Daktari alisema diski ya mgongo imehama na inabana mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto. Wangengoja hadi majira ya kuchipua. Asipopata nafuu, apasuliwe.

Nilipomtembelea, alikuwa ameukazia macho mguu wake uliokufa ganzi.

“Nikishindwa kulala chini na kuinuka, nitamfundisha nani?” aliniuliza.

Nikamenya pea nililokuja nalo, tukala pamoja.

Darasa lake lilishikwa na Bang Hye-rin, msichana aliyefundishwa na Mwalimu Tak mwenyewe. Februari, daktari aliporuhusu mazoezi mepesi, tulidhani Mwalimu Tak atatafuta mtaalamu katika jiji la Gwangju. Badala yake aliingia darasani kwake taratibu, akatandika mkeka safu ya nyuma, kando ya Bi. Mo, muuza pweza wa sokoni.

Hye-rin akababaika. “Mwalimu, mimi nikufundishe wewe?”

“Leo sijui kitu. Nianzishe kwenye pumzi.”

Wakaanza. Hye-rin aliona kosa lakini akashindwa kusema. Bi. Mo hakungoja.

“Shingo hiyo, Mwalimu! Legeza! Miaka yote umenifokea, leo zamu yangu!”

Mwalimu Tak alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye aliniambia kwamba hakulia kwa kicheko peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie kuuachia mwili wake bila kuuogopa.

Akaendelea kuja, baridi ikiuma, theluji ikidondoka. Aprili alipigwa picha nyingine ya mgongo. Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi ya maana hapa kituoni. Simu ilipolia, Hye-rin aliipokea, akapiga yowe, na waogeleaji wangu wakatoka majini wakidhani kuna moto. Hakuna kupasuliwa! Bi. Mo alifunga kibanda mapema akaja na pweza wa kututosha wote, na mkurugenzi wetu, ambaye hataki chakula ukumbini, alikuwa wa kwanza kukaa chini.

Mwalimu Tak alirudi kufundisha mwezi uliofuata, akiwa mpole zaidi kwa waoga. Sasa darasa anamwachia Hye-rin, naye hana wasiwasi.

Ijumaa iliyopita nilimuuliza kama anaondoka na huzuni.

“Huzuni ya nini? Nilidhani nitatoka hapa nimebebwa. Natoka kwa miguu yangu!”

Ahsante, Mwalimu Tak, kwa migongo yetu yote. Pumzika kwa raha, ule ushibe, na uamke saa utakayo. Afya iwe nawe siku zote.