Nyongeza ya Redioni

Ndani ya taptap, gari la abiria la huku Haiti, ya kwenda mji wa Carrefour, mpiga pasi mmoja wa kiwanda cha mashati alimgeukia mama anayeuza wali pale getini kwao. "Mama Yolette, sahani ya jana ilikuwa ndogo na bei kubwa. Kulikoni?"

"Si mmeongezwa mshahara, Wilner? Redio imesema."

"Redio imesema. Mimi sijapewa."

"Hujapewa vipi, na mwenye nyumba wangu kashapandisha kodi kwa sababu yenu?"

Wilner alijikuna mkono uliobabuliwa na mvuke. "Kwa sababu yetu? Huyo mtu hata hatumjui."

"Ndiyo nakuuliza wewe. Hizo pesa ziko wapi?"

"Mimi nilidhani unazo wewe."

Wakatazamana kama watu waliopoteza mzigo mmoja. Mimi, niliyekaa kando yao, nilitazama nje. Nina vyumba viwili vya kupangisha, na redio ninayo pia.

Taptap ikasimama. Wilner akashuka, akampa dereva nauli ya kila siku kupitia dirishani. Dereva aliitazama bila kufumba kiganja. "Kaka," akasema kwa upole, "kwani nyinyi wa pasi hamjaongezwa?"