Wakiuru wa Kitalu na Wageni Wake

Waombolezaji wapendwa, familia imenituma mimi, shemeji yake mdogo, niwasomee safari ya maisha ya marehemu, na mnaomjua mnajua kwamba angekuwa hapa angeniambia nifupishe, kuna kazi inangoja.

Marehemu Perpetua Wakiuru Okoth alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 huko Muthurwa, wakati huo kukiwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1969 mtaani Makongeni, akaendelea na sekondari na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1979, somo la kilimo likiwa ndilo pekee ambalo hakuna aliyemshinda.

Mwaka wa 1981 aliajiriwa katika kitalu kimoja cha miti ya mapambo, na huko ndiko alikojionea dawa ya kuua magugu ikipeperushwa na upepo hadi kwenye mijakaranda michanga, majani yakajikunja, tuta zima likafa, naye akaapa kwamba akipata kitalu chake dawa hiyo haitavuka mlango. Alikipata mwezi wa Machi 1999, kando ya barabara hapa Buruburu, nacho hakikuwa na mlango, lakini kiapo kilibaki palepale.

Alifunga ndoa na kaka yangu Okoth, fundi wa umeme, tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, Griffins na Atieno.

Kuhusu kazi yake, udongo aliulowesha, akaufunika kwa karatasi ya nailoni na kuuacha juani wiki kadhaa ili mbegu za magugu ziive humo humo, ndipo akaujaza kwenye viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, akavipanga juu ya maboksi makuukuu aliyoyaomba madukani na kuyatandika ili magugu ya chini yasipenye, na kila kiriba akakivika pumba za mchele. Magugu yaliyothubutu kuchomoza baada ya hapo aliyaita wageni, na aliyang'oa kwa mkono asubuhi baada ya kumwagilia, hasa ndago, ambayo ukiikata juu ukaacha kiazi chake chini umeialika irudi na ukoo wake. Mfanyakazi hakuulizwa kazi imeendaje, alishikwa mkono akaangaliwa kucha kama zina udongo.

Neno hilo la wageni lilituletea balaa mwaka wa 2009, mfanyakazi wake Gitonga alipokuwa mgeni kazini, na marehemu akampigia simu kumwagiza ahakikishe wageni wote wametolewa kabla hajarudi, naye akawafukuza wanunuzi waliokuja kutafuta mitende ya kanisa, akiwaambia, "Wasee, ni order ya mathe, kila mgeni atoke, hata pasta." Mathe huyo ndiye marehemu, naye alicheka hadi akakaa chini, kisha akaenda mwenyewe kumwomba pasta msamaha, na Gitonga akabaki naye hadi mwisho.

Jambo lililomuuma ni Griffins. Kijana huyu, anayefanya kazi ya bima mjini, alimwambia mama yake miaka nenda miaka rudi kwamba dumu moja la dawa lingemaliza kazi ya wiki kwa asubuhi moja, na kwa hesabu yake hakukosea, ila mama alikuwa ameona lile tuta likifa, Griffins hakuliona. Mwaka wa 2022 walikorofishana vibaya, na Griffins akaacha kukanyaga kitaluni.

Mwezi wa Agosti 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akapimwa na kupatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa vipindi hadi Mei 2025 alipolazwa. Mvua ndefu zilikuwa zimemwagika, ndago ikachipuka kila mahali, Gitonga akalemewa peke yake, na marehemu kitandani hakutuuliza daktari amesema nini, alituuliza kama Griffins amenunua dawa. Griffins hakuwa akipokea simu zetu, na niseme wazi kwamba tulimkasirikia.

Jioni ya tarehe 11 Juni 2025 Griffins alikuja wodini amevaa suti, akakaa, akamnyooshea mama yake mikono. Kucha zote zilikuwa nyeusi kwa udongo. Alikuwa ameomba likizo kazini na kushinda kitaluni na Gitonga, wakipiga magoti kung'oa ndago, na hakutaka mtu amwambie mama kabla hawajamaliza. Marehemu aliishika mikono ile asiiachie, na muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha muuguzi akapaza sauti, "Wageni wote watoke!" Mama akacheka kwa sauti, akamwambia mwanawe, "Umesikia? Na mizizi yao."

Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi ambaye hakujua alichotuchekeshea, majirani wa Buruburu waliochanga na kupika, wenye vitalu wenzake wote wa kando ya barabara, na Gitonga, aliyekuja leo na gunia la pumba za kutandaza kaburini.

Pumzika kwa amani, Wakiuru. Griffins amesema kesho asubuhi yuko kitaluni.