Kusimama Hakuna Pointi

Anaclet: Haloo? Citoyen Bulonza ku simu. Nani huyo?

Eulalie: Bulonza gani? Mimi natafuta Anaclet.

Anaclet: (sauti chini) Yaya Eulalie? Yaya, usiite iyo jina ya batizo huku, serkali ilikataza, iko batu mu biro—

Eulalie: Iyo jina njo maman yetu alikupatia; mimi dada yako mukubwa nitaiita. Habari ya Kinshasa?

Anaclet: Muzuri, yaya. Muzuri sana. Ya Bukavu?

Eulalie: Mvua. Unanisikia?

Anaclet: Nasikia, lakini inakwaruza. Unaita toka wapi?

Eulalie: Ibanda, ku biro ya jirani yangu Placide. Amenipatia simu yake, ametoka. Anasema posta inaweza kutukata saa yoyote, basi sitazunguka. Leo asubui mutu wa fonie, ile radio ya kutuma habari, alikuya kwangu kule Cimpunda, amejaa matope mupaka ku magoti. Akaniambia: ndugu yako anasema Noëlla apande avion ya kesho, akuje kucheza mu finali ya mashindano ya ngoma. Njo vile ulituma?

Anaclet: Njo vile! Aksanti Mungu, ilifika. Mupatie koti, yaya, mu ile avion iko baridi—

Eulalie: Juu ya nini?

Anaclet: Wanasema kule juu—

Eulalie: Siulize baridi. Juu ya nini unataka mutoto wangu? Uko na Valérie. Valérie njo anabebwa mu ile ngoma tangu tulianza. Noëlla hata hatua hajui. Noëlla anajua kuimba tu.

Anaclet: Atajifunza. Na iko mwepesi.

(Simu inakwaruza.)

Eulalie: Umesema iko nini?

Anaclet: Mwepesi. Haiko muzito.

Eulalie: Anaclet, mu ngoma yangu mutu mwepesi ni wa kazi gani?

Anaclet: Yaya, huku mambo iko tofauti. Huku iko bareme.

Eulalie: Bareme ni nini?

Anaclet: Ile sheria ya kutoa pointi. Juri inafwata ile. Ngoja nikuelezee, usikasirike.

Eulalie: Mutu akianza na «usikasirike», mi nakasirika mbele. Eleza.

Anaclet: Siku ya kwanza tulicheza vile ulitufundisha. Kabisa, yaya, sikugusa kitu. Bamaman baliingia pole pole, miguu inatafuta njia mu matope, kipoyi ya mugonjwa ku mabega, Valérie amelala ndani kama mwanamuke wa uchungu. Balifika katikati, balisimama. Ngoma ikanyamaza. Vile tulizoea.

Eulalie: Basi?

Anaclet: Basi mukubwa wa juri akaweka bic yake ya kuandika chini. Akaangalia saa. Mu tribini, kule batazamaji banakaa, mutu akapiga kelele, «Bamama ba Kivu, mumechoka?» Stadi yote ikacheka. Yote, yaya. Nilitamani nifukiwe. Tulikuwa ba mwisho. Hata timu ya Shaba, bale bavulana bao wa kurukaruka tu, balitupita.

Eulalie: Kwa hiyo walicheka. Iko kitu gani?

Anaclet: Ngoja. Jioni mumoja wa juri akaniita pembeni. Mutu wa heshima, tulizungumuza muzuri. Akaniambia, «Citoyen, ngoma yenu iko na roho, lakini roho haina sanduku mu karatasi yangu. Niko na sanduku ya miguu kwenda pamoja. Niko na sanduku ya kuruka. Ya mutu kuinuliwa juu. Ya tabasamu. Ya kusifu Parti. Kusimama hakuna pointi. Nikiona mutu anasimama, nakata.»

Eulalie: Anakata!

Anaclet: Anakata, kama vile mutu amesahau. Na tena, kila kitu ya kwenye mwisho inahesabiwa mara mbili, juu pale bageni bakubwa macho yao inaamuka. Sasa weye ungefanya nini?

Eulalie: Ningerudi nyumbani. Weye ulifanya nini?

Anaclet: Nilisogeza kidogo.

Eulalie: Kidogo namna gani?

Anaclet: Ile ya matope na ile ya kusimama nilitoa. Inakawiya. Nikaweka miguu ya haraka, bote pamoja, pa, pa, pa. Na tabasamu.

Eulalie: Tabasamu ya nani?

Anaclet: Ya... ya bamaman.

Eulalie: Banabeba mugonjwa na kipoyi, banacheka?

Anaclet: Bareme njo inaomba, yaya, haiko mimi!

Eulalie: Anaclet, weye ulikuwa mutoto, ulibaki nyumbani umelala. Mimi nilikuwa chini ya ile kipoyi. Mvua ya Nyangezi ilikuwa inatupiga ku macho. Tulikuwa tunamushusha Godelive ku lopitali ya bamasera ba misioni, na damu yake ilikuwa inateremuka ku shingo yangu, moto. Halafu akanyamaza. Mutu alikuwa analia tangu juu ya mulima, sasa ananyamaza. Njo pale tulisimama. Hakuna alisema tusimame. Tulisimama mu matope tusikilize kama anapumua! Valérie alizaliwa mu ile kimya. Na weye umemuambia mutu wa karatasi kama ile ni kitu ya kutoa!

Anaclet: Najua hadisi yote, yaya. Najua. Lakini mutu wa tribini hajui! Yeye anaona bamaman banasimama tu. Unataka nimupandie kule nimuelezee Nyangezi? Kama hatuna pointi, hatuchezi tena. Ile ngoma itaonwa na mbuzi ya Nyangezi, basi. Njo unataka?

Eulalie: Mbuzi haicheki.

Anaclet: (anakohoa) Na tulipanda! Sema ukweli, ku radio hamukusikia? Toka mwisho tukapanda mupaka mbele. Kivu ya kwanza! Batu balisimama bote, balitupa vitambaa juu—

Eulalie: Nilisikia. Nilipiga magoti nikashukuru, mujinga mimi, nilifikiri njo ngoma yangu imeshinda. Hujamaliza. Mwepesi ni wa nini?

(Anaclet anaenda kufunga mulango ya biro.)

Eulalie: Anaclet!

Anaclet: Niko. Simu inakwaruza.

Eulalie: Haikwaruze. Mwepesi ni wa nini?

Anaclet: Ile sanduku ya kuinua mutu juu. Kumubeba ku mabega iko na pointi moja kidogo. Ukimutupa na kumudaka, iko nyingi.

Eulalie: Ukimutupa.

Anaclet: Na kumudaka, yaya. Bamaman bane banashika kipoyi, bane banangoja. Tulijaribu siku mbili, juu ya majani, muzuri kabisa. Valérie mwenyewe alikuwa anasema, «Munitupe juu zaidi.» Alikuwa anacheka. Kweli alicheka, nakuapia.

Eulalie: Alicheka juu ulimuambia bareme inaomba kicheko. Ile kumutupa uliweka wapi? Mu mwanzo?

Anaclet: Mu mwisho.

Eulalie: Kule inahesabiwa mara mbili.

Anaclet: Kila timu inafanya vile. Kila timu, yaya! Banaweka vitu vyote vya nguvu kule.

Eulalie: Bamaman bamecheza mu jua, hiyo «pa, pa, pa» yako imekwisha kubavunja magoti, mikono inatetemeka, jasho imejaa ku viganja. Njo saa ile unabaambia badake mutu.

Anaclet: Yaya, bamaman beko na nguvu.

Eulalie: Valérie iko wapi?

Anaclet: Iko na malaria.

Eulalie: Muite ku simu.

Anaclet: Amelala.

Eulalie: Muamushe. Mama yake iko hapa.

Anaclet: Nani iko apo?

Eulalie: Godelive. Tulikuya naye. Amekaa ku banc inje ya mulango, amevaa kikwembe ya misa, juu ya kusalimia mutoto wake ku simu. Tangu azaliwe hajasema mu simu. Njiani alikuwa ananiuliza, mutu anashikaka upande gani.

Anaclet: Anasikia? Yaya, anasikia tunasema nini?

Eulalie: Mulango imefungwa. Namuona mu kioo, ananitolea meno. Sauti yako juu ya nini imebadilika?

(Kwa mbali mutu anapiga mashini ya kuandika.)

Anaclet: Virginie, mumoja wa bale bane ba kudaka, alichelewa. Mukono ulitereza, kama angekuwa ameweka muguu—

Eulalie: Usitie Virginie mu kinywa yako! Virginie alijifunza kubeba. Nani alimufundisha kudaka? Valérie iko wapi?

Anaclet: Ku lopitali.

Eulalie: Nyamuzinda, Mungu wangu! Tangu lini?

Anaclet: Tangu juzi.

Eulalie: Ile siku ya vitambaa.

Anaclet: Ndiyo. Batu ba tribini hawakujua. Balifikiri iko mu ngoma. Balipiga makofi.

Eulalie: Na juri?

Anaclet: Juri ilihesabu kumutupa. Kumudaka ilikata.

Eulalie: (kwa sauti ya chini sana) Amevunjika nini?

Anaclet: Mugongo. Yaya, docteur anasema tungoje, anasema haijajulikana bado. Jana nilikuwa apo. Alikuwa anamuchoma sindano ku nyayo, pole pole, huku na huku. Valérie akamuuliza ataanza lini kumuchoma.

(Eulalie anageuka, anatazama Godelive mu kioo.)

Anaclet: Yaya? Uko?

Eulalie: Na weye, toka apo ku kitanda, ukaenda kutafuta fonie ya kuomba mwingine mwepesi.

Anaclet: Unafikiri nalala? Tukijitoa, batasema Kivu imegoma mbele ya bageni ba Parti. Kugoma! Unajua iyo neno ni nini mu hii inchi? Bataanza kuuliza nani alifundisha, nani alikataa, na jina ya kwanza mu—

Eulalie: Batie yangu.

Anaclet: Yaya, usiseme vile ku simu!

Eulalie: Nasema! Eulalie wa Cimpunda, binti ya Nyangezi, njo alifundisha, njo amekataa. Kama kuna mutu anasikiliza hii laini, andika! Noëlla hapandi avion. Akipanda, ni juu ya maiti yangu. Na bale bamaman, baambie banirudishie ngoma yangu. Siku ya finali baingie pole pole na kipoyi bila mutu ndani. Bafike katikati, basimame. Basimame mupaka ile mutu ya juri akate pointi yote, hata ya mwaka unakuya.

Anaclet: Batatupatia sifuri.

Eulalie: Basi itakuwa sifuri yetu.

Anaclet: Bamaman bao wenyewe balikuwa banapenda kushinda, yaya. Usinitwike peke yangu. Tulipotangazwa, mbele bajue ni mugongo, balilia na furaha.

Eulalie: Najua. Nitabakasirikia bakirudi. Leo ni zamu yako.

Posta: Haloo, Bukavu, Kinshasa? Laini inaombwa na gouvernorat, biro ya gavana. Malizeni.

Eulalie: Maman, tupatie kidogo. Ni mugonjwa.

Posta: Kila mutu iko na mugonjwa. Dakika moja.

Eulalie: Umesikia. Nafungua mulango.

Anaclet: Hapana! Yaya, nakuomba. Umuambie weye, weye njo mukubwa, unajua maneno yake—

Eulalie: Mimi sikumutupa.

Anaclet: Yaya—

Eulalie: Ulikuwa na kinywa ya kuomba mutoto wangu. Uwe na kinywa ya kusema juu ya wake. Godelive! Kuya. Hapana, upande huu. Huu wa chini njo kinywa.

Anaclet: Yaya! Eulalie!

Godelive: Haloo? HALOO? Anaclet! Jambo yako, ndugu yangu! Ni Godelive!

Anaclet: Jambo, maman Godelive.

Godelive: Sauti yako iko karibu kama uko mu ukuta! Tulisikia ku radio, nililia mupaka jirani akakuya na uji akifikiri kuna kifo. Mutoto wangu alicheza muzuri?

Anaclet: Alicheza muzuri, maman. Sana.

Godelive: Nipatie yeye kidogo tu, sitamukawisha.

Anaclet: Maman Godelive, sikiliza. Valérie... Valérie alianguka.

Godelive: Ah.

Anaclet: Alianguka, maman.

Godelive: Basi, haina neno. Njo maana unamutaka Noëlla. Asione haya juu yangu, umuambie. Hata ku masomo, mu sizième, alianguka, akarudilia mwaka, na leo si anasoma kupita hata bavulana? Kuanguka ni kwa kila mutu. Munamuchekelea huko?

Anaclet: Hapana, maman. Haiko mu mashindano. Alianguka—

Posta: Nakata, Kinshasa.

Anaclet: —chini, maman! Toka juu! Iko ku lo—

(Laini imekatika.)

Godelive: Haloo? Anaclet? Haloo! Eulalie, imenyamaza. Nilifinya kitu?

Eulalie: Haukufinya kitu.

Godelive: Anasema Valérie alianguka. Pale mwisho kulikuwa kelele, sikusikia. Unalia nini? Mutoto ataanza tena, Eulalie. Hata mwaka unakuya.

Eulalie: Weka simu chini, Godelive. Nipatie mukono yako. Ikala hapa ku kiti.