Bi Otylia na Gari Linalotafuta Panya

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Leo Bi Otylia Grzesik anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha matairi kwa miaka thelathini na saba, ishirini na tisa kati ya hiyo akiwa dereva wa majaribio. Mimi ninayeandika ni Nugzar, mfungaji wa matairi pale uwanjani. Nilikuja hapa Poland kutoka kwetu Zestaponi, Georgia, miaka kumi na moja na miezi miwili iliyopita. Shule niliiacha darasa la nane, kwa hiyo ofisi ilitaka mtu mwingine aandike maneno haya ya kumuaga. Bi Otylia alikataa. "Mwacheni Nugzar," alisema. "Yeye ndiye anayejua nilikuwa nimekalia nini."

Aliajiriwa mwaka 1988 kwenye tanuri za kuivisha mpira, mahali ambapo jasho hukauka kabla halijadondoka. Mwaka 1996 dereva mmoja alivunjika mguu, na Bi Otylia akaombwa alirudishe gari karakana, basi. Alilirudisha, akashuka, akasema gurudumu la nyuma kushoto lina upepo pungufu. Watu walicheka, kisha wakapima. Upepo ulikuwa umepungua, kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hakurudi tena kwenye tanuri.

Uwanja wetu zamani ulikuwa wa ndege za jeshi, na lami yake imenyooka kilomita mbili na nusu. Akifika mwendo wa kilomita mia na arobaini kwa saa, Bi Otylia hushika usukani kwa dole gumba na vidole viwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto. Huusogeza upana wa kidole kimoja, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe. "Matairi ya mbele yanauliza," alinifundisha, "ya nyuma yanajibu. Tairi bovu la nyuma hujibu limechelewa, halafu hujibu mara mbili."

Nimekaa kando yake mara nne. Sikusikia kitu ila moyo wangu. Lakini niliona. Unaweza kuwa na matairi mawili yanayofanana kama mapacha, moja ubavu wake mgumu, jingine ubavu wake laini. Kwa mwendo wa sitini gari ni lile lile. Kwa mia na arobaini ni magari mawili. La kwanza linakwenda kama uzi uliovutwa. La pili mkia wake unakwenda huku na huku, na Wapolandi wanalo neno la hilo: wanasema gari linatafuta panya, kama mbweha anayenusanusa kwenye majani.

Neno hilo nililijua kwa aibu, na naliandika hapa kwa sababu bila hilo huwezi kumjua Bi Otylia.

Ilikuwa mwezi wangu wa tatu kazini. Kulikuwa na aina mpya ya tairi iliyotakiwa kutoka kiwandani majira ya kuchipua. Jumatatu dereva mwingine aliijaribu, ikapita vizuri. Usiku matairi yalifunguliwa yakapimwe uzito, na Jumanne asubuhi niliyafunga upya kwa zamu ya Bi Otylia. Karatasi ilisema mawili yenye ubavu mgumu yakae nyuma, na mawili laini mbele. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi kwenye karakana ya kaka yangu, na kwetu kila mtu anajua matairi mazuri hukaa mbele, kwa kuwa mbele ndiko kunakovuta na ndiko kunakokata kona. Magumu niliyahesabu ndiyo mazuri, nikaona ofisi imekosea, nikawasahihishia. Kisha nikayapaka rangi nyeusi kufunika alama, kama tunavyofanya ili dereva asijue amefungiwa nini.

Alizunguka mara mbili, akarudi polepole. "Linatafuta panya," alisema.

Mhandisi Ireneusz Wawrzyk, mkuu wa majaribio wakati huo, alitazama karatasi za Jumatatu. "Jana lilinyooka kama reli, Bi Otylia."

"Jana sikuwa ndani yake."

Akakataa kutia sahihi. Maneno yakaanza: ana miaka hamsini, vidole vimekufa ganzi. Jumatano mhandisi alitangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata Bi Otylia atahamia ghalani kuhesabu matairi. Mhandisi alikuwa amesimama mbele yangu, na nilidhani ni mimi pekee niliyejua ukweli, maana asubuhi ile mzee mmoja wa ghala alikuwa amenieleza kwa nini magumu hukaa nyuma: yakikaa laini huko, mkia wa gari huyumba. Nilikuwa na spana mkononi. Kibali changu cha kuishi hapa kilitegemea kazi hii, na mke wangu na mabinti wawili kule nyumbani walitegemea kibali. Nilinyamaza siku ile. Nikanyamaza na Alhamisi.

Ijumaa, kwenye chumba cha chakula, niliweka kijiko chini. Nikasimama. "Niligeuza," nikasema. "Magumu niliyafunga mbele."

"Kwa nini?" aliuliza mhandisi.

"Kwetu yanafungwa hivyo."

"Kwani kwenu mnaendesha mbuzi?" mwenzetu mmoja alisema, na meza nzima ikacheka. Bi Otylia hakucheka. Alifuta kijiko chake.

"Nilijua ni nyuma tangu nilipousogeza usukani mara ya kwanza," alisema. "Na nilijua ni mikono ya nani. Asubuhi ile mfungaji alikuwa mmoja."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Gari nalisema. Mtu namngoja anyooke mwenyewe. Siku mbili nzima ulikuwa unatafuta panya, Bwana Nugzar." Akamgeukia mhandisi. "Huyu abaki. Hatarudia."

Mchana ule nilifunga upya, akalizungusha, akashuka, akatia sahihi. Nimeyafikiria hayo miaka kumi na moja na bado sijayamaliza. Mtu anaondolewa kwenye kazi yake, ukweli uko mikononi mwake, na anakaa akingoja mfungaji mgeni ajibu, kama anavyongoja mkia wa gari.

Msidhani ni mtu wa kununa. Siku ya kubariki magari, sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, alipita nyuma ya padri akiminya matairi, akamwambia: "Baba, umebariki magari sita yenye matairi ya majira ya baridi, na huu ni Julai, joto tupu. Mtakatifu Kristofa hajazi upepo." Na gari lake mwenyewe hulipeleka kwa mwendo wa sabini. Matrekta yamempita, nimeona.

Bi Otylia, sisi wa karakana tunakushukuru. Pumzika, uende polepole, na barabara ikujibu mara moja tu.

Mimi naenda nyumbani tarehe 3 Oktoba, msimu wa kuvuna zabibu. Binti yangu mkubwa sasa anaendesha gari la kaka yangu, na kila wiki anavuka mlima wa Rikoti. Amenitumia picha: matairi mazuri yako mbele, na kaka yangu bado anabisha. Nimemwambia binti asipite sitini hadi nifike. Nitaweka begi chini, na kabla sijala nitayahamishia nyuma.